Unajiandaa kwa marathon? Mtoto wako naye ana haki ya kusema amechoka

Hebu kwanza tupige hesabu. Mimi chuo sikumaliza, lakini hii hata mimi naiweza.

Programu nyingi za kujiandaa kwa kilomita 42 huchukua wiki 16. Tuseme unakimbia siku tano kwa wiki: siku tatu saa moja moja, siku moja saa moja na nusu, halafu Jumapili ile ndefu ya saa tatu. Hizo ni saa saba na nusu kwa wiki. Zidisha mara 16, unapata saa 120. Yaani siku tano nzima, mchana na usiku, uko barabarani. Na bado sijahesabu matatu ya kwenda Karura, kunyoosha viungo, kuoga, na ule usingizi wa Jumapili mchana ambao hata simu ikilia husikii.

Kama huna mtoto, saa hizo ni zako. Kimbia. Lakini kama una mtoi wa miaka mitatu pale keja, basi kila saa kati ya hizo 120 kuna mtu ameketi naye. Anaweza kuwa mkeo, mumeo, nyanya yake, yaya, ama jirani ambaye ameanza kuchoka na ile "nakuja saa hii tu" yako. Saa hizo lazima mtu azilipe, na mara nyingi anayelipa ni mama. Ukiona baba anaposti kilomita 21 kila Jumapili, uliza tu kwa upole: mtoto yuko na nani? Kuna kina mama wengi waliopenda kukimbia hadi walipojifungua, kisha viatu vikaingia chini ya kitanda na havijatoka tena.

Ndiyo maana wazazi vijana wengi wanauliza: kwani siwezi kwenda na mtoto? Unaweza. Tena ni vizuri uende naye. Ila kuna kumhusisha mtoto na kuna kumburuta, na mambo haya mawili hufanana sana ukiyaangalia kwa picha.

Usijilinganishe na mabingwa

Eliud Kipchoge alipokimbia kilomita 42 kwa saa 1:59:40 kule Vienna, Oktoba 12, 2019, mkewe na watoto wao watatu walikuwepo. Zile picha zilituguza sote. Lakini nyuma ya picha hizo kuna miaka mingi ambayo Kipchoge alilala kambini Kaptagat siku za wiki na kurudi nyumbani wikendi. Hiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyolisha familia.

Faith Kipyegon naye alijifungua binti 2018, akarudi uwanjani na kutwaa dhahabu ya mita 1,500 kwenye Olimpiki za Tokyo zilizofanyika 2021, kisha akaitwaa tena Paris 2024. Mitandaoni kuna watu hutumia hadithi yake kuwachapa kina mama wengine. Faith aliweza, wewe shida yako nini? Shida ni kwamba kwa Faith kukimbia ni kazi, na ana kocha na watu wa kumsaidia. Wewe unatoka job saa kumi na moja jioni na kufika Rongai saa mbili usiku.

Wewe na mimi tunakimbilia afya, medali ya kumaliza na picha ya Instagram. Hakuna ubaya wowote hapo. Lakini kama lengo ni hilo, basi kitu cha kupinda ni ratiba yako. Mtoto hakujisajili kwa mbio zozote.

Yaliyotokea Cincinnati

Mei 2022, kwenye mbio za Flying Pig Marathon jijini Cincinnati, Marekani, mtoto wa miaka sita alimaliza kilomita zote 42 akiwa na wazazi wake na ndugu zake. Walichukua zaidi ya saa nane. Wazazi walisimulia wenyewe mtandaoni kwamba kuna mahali njiani mtoto alilemewa akawa analia. Walijitetea kuwa mtoto mwenyewe ndiye aliyeomba kukimbia, na kwamba hawakumlazimisha.

Watu waliwaka. Kara Goucher, mwanariadha aliyeiwakilisha Marekani kwenye Olimpiki za 2008 na 2012, alisema jambo ambalo mimi naona ndilo kiini cha stori yote: mtoto wa miaka sita hajui kwamba ana haki ya kusimama. Waandaaji, ambao kanuni zao zilitaka mkimbiaji wa marathon awe na miaka 18, walisema ruhusa ya namna hiyo haitatolewa tena.

Mimi siwaiti wale wazazi wabaya. Inaonekana wanapenda watoto wao na wanapenda kuwa nao. Shida iko kwa lile neno "aliomba". Mtoto wa miaka sita huomba mambo mengi. Huomba kulala nje na mbwa. Huomba soda asubuhi. Akisema anataka kukimbia na wewe, mara nyingi anachotaka ni wewe. Kilomita 42 hazijui. Ukimpa dakika 20 zako bila simu, pengine umempa kila alichokuwa akiomba.

Tena kuna upande wa mwili. Mifupa ya mtoto ina sehemu laini karibu na ncha zake, na hapo ndipo mfupa hukulia. Kurudia-rudia mwendo uleule kupita kiasi kunaweza kupaumiza. Watoto pia hawajaumbwa kukimbia kwa mwendo mmoja kama saa ya ukutani. Mwangalie wa kwako kwenye ploti: anatoka mbio, anasimama, anaokota kijiti, anatoka mbio tena. Hayo ndiyo mazoezi yake, na yako sawa kabisa.

Watoto wa Iten wanatufunza

Kama umewahi kufika Iten, kule juu mita 2,400 hivi, umeona kundi la wanariadha likipita kwenye barabara ya murram asubuhi. Mara watoto wanaoenda shule wanajiunga nyuma, na sare zao na mabegi yakiruka mgongoni. Wanakimbia mita 100, labda 200. Wanacheka. Halafu wanachepuka na kuendelea na safari yao. Hakuna anayewapigia saa. Hakuna anayewaambia warudi wamalize.

Mtoto anaingia anapotaka na kutoka anapotaka, na mkubwa anaendelea na kazi yake. Ukiiweka kanuni hiyo kwenye Jumapili yako, karibu kila swali lingine litajijibu.

Mazoezi kulingana na umri

Chini ya miezi sita, usikimbie na mtoto kabisa. Shingo bado haijakaza na mtikisiko si mzuri kwake. Tembea naye. Mfunge kwa leso mgongoni au kifuani na utembee haraka dakika 40, utatoka jasho vizuri tu. Mama aliyejifungua naye aongee na daktari au muuguzi wa kliniki kwanza kabla ya kurudia mbio. Na hata mtoto akikua, mgongoni ni pa kutembea, si pa kukimbia.

Kuanzia miezi sita hadi minane, mtoto akishaweza kukaa na kichwa kikatulia, unaweza kufikiria kigari. Lakini si kile cha kusukuma dukani. Cha kukimbilia kina magurudumu matatu makubwa, la mbele hujifunga lisiyumbe, kina mikanda ya kumshika mtoto mabegani na kiunoni, na kamba ya kufunga kwenye mkono wako kisikuponyoke mteremkoni. Usiweke vidude vya masikioni. Na usipite kando ya Thika Road ukidhani unampunga hewa, maanake pua yake iko karibu na moshi kuliko yako.

Kosa ambalo wengi hawalioni ni nguo. Wewe unatoka jasho, yeye ameketi tu. Asubuhi ya Julai Nairobi, upepo unaokupoza wewe unamgandisha yeye. Mguse shingo kila unaposimama. Halafu Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2019, linashauri mtoto wa chini ya miaka mitano asifungwe kwenye kigari au mgongoni zaidi ya saa moja mfululizo. Kwa hivyo ile saa tatu ya Jumapili haiwezi kuwa yake yote. Kimbia nusu saa, mfungue, acheze kwenye nyasi, kisha muendelee au mrudi nyumbani.

Miaka mitatu hadi sita, badilisha umbo la mazoezi. Acha kwenda mbali na kurudi, zunguka. Tafuta uwanja wa shule, Uhuru Gardens, Arboretum, ama Mama Ngina Waterfront kama uko Mombasa. Mtoto anakaa katikati na mtu mzima mwingine, mpira na maji. Wewe unazunguka. Kila ukipita unampiga "hi-five". Akitaka, anakimbia kipande na wewe, akichoka anarudi kwenye mpira. Wewe umepata kilomita nane, yeye amepata mchezo.

Miaka saba hadi kumi na mbili, mpe baiskeli na helmeti. Njia za ndani ya Karura ni nzuri kwa hilo kwa sababu hakuna boda za kumkwepesha. Mpe kazi pia: awe mtunza saa, awe mbeba maji, akuambie ukipunguza mwendo. Watoto wa umri huu hupenda sana kumkemea mzazi. Na akitaka mashindano, yapo yanayomfaa. Nairobi Marathon imekuwa na mbio za kilomita 5 za familia, na hapo hakuna atakayekucheka mkitembea.

Akifika miaka ya ujana, jiandae kusikia "hapana". Ikubali. Kijana aliyeachwa akatae leo, kesho anaweza kurudi mwenyewe.

Merry-go-round ya mazoezi

Najua unachowaza. Huyo mtu mzima mwingine wa kukaa katikati na mpira anatoka wapi, na nyumbani niko peke yangu?

Anatoka palepale pesa zetu hutoka: chama. Sisi tunajua kuzungusha elfu moja moja hadi mtu ananunua friji. Kwa nini tusizungushe muda? Tafuteni wazazi wanne mtaani wenye watoto. Mnakutana uwanjani Jumamosi saa moja asubuhi. Wawili wanakimbia dakika 45, wawili wanabaki na watoto. Mnabadilishana. Kufikia saa tatu kila mtu amefanya mazoezi, watoto wamecheza hadi wamechoka, na hakuna aliyelipa yaya. Sheria ni chache: hakuna kuchelewa, hakuna kumwachia mtu watoto zaidi ya wale mliokubaliana, na baba akija aje kufanya zamu yake ya watoto kikamilifu. Asije kukimbia tu halafu awe na "simu ya dharura".

Jambo lingine, punguza kuposti. Ukiweka ramani ya njia yako na picha ya mtoi kila Jumapili saa moja, mtu usiyemjua ameshajua mtakuwa wapi wiki ijayo.

Chunga mdomo

Mtoto akiwa na wewe mazoezini anasikia kila kitu. Ukisema unakimbia kwa sababu jana ulikula chapati tatu, anajifunza kwamba chapati ni kosa na mbio ni adhabu. Ukijitukana kitambi mbele ya kioo, naye ataanza kujiangalia tumbo lake. Ukirudi umekasirika kwa sababu saa imesema umechelewa sekunde 40, anajifunza kwamba asubuhi nzima mliyokuwa pamoja ilikuwa bure.

Mwambie ukweli mwingine. Kwamba ukikimbia kichwa kinatulia. Kwamba leo miguu ilikataa ukaamua kutembea. Hilo la pili ni muhimu sana, maanake mtoto aliyemwona mzazi wake akisimama bila aibu ndiye atakayejua kwamba hata yeye anaweza kusimama.

Kwa hivyo kabla ya kumaliza, jaribu hiki kipimo. Ukitoka mazoezini, usimuulize kama amekimbia vizuri. Muulize kama angependa kuja tena. Akisema ndiyo, mko sawa, hata kama mlifanya kilomita mbili pekee. Akisema hapana, Jumapili ijayo mtafutie mchezo mwingine, na wewe utafute zamu kwenye chama. Zile saa 120 bado utazipata. Zitachukua tu wiki nyingi zaidi ya 16, na marathon huandaliwa kila mwaka.