Kuchagua Kinasa cha Kamera za Usalama Nyumbani: Mfano wa Lodwar na Kakuma

Utangulizi

Kitenzi 'nasa' kina maana ya kushika kwa mtego, na pia ya kuhifadhi sauti au picha ili irejelewe baadaye. Nomino 'kinasa' hubeba maana zote mbili inapotumiwa kwa kifaa cha kuhifadhi picha za kamera za usalama: kamera huona, kinasa hukumbuka. Makala haya yanadhamiria kufafanua mambo yanayofaa kuongoza uchaguzi wa kifaa hiki katika miji miwili ya Kaunti ya Turkana: Lodwar, makao makuu ya kaunti, na Kakuma, iliyo takriban kilomita 120 kutoka hapo, ambako kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka wa 1992. Hoja kuu ni kwamba katika mazingira haya suala la umeme hutangulia bei na ubora wa picha.

Aina za vinasa

Aina mbili ndizo maarufu madukani. Ya kwanza, iitwayo DVR, hupokea mawimbi ya kamera kupitia waya unaofanana na ule wa antena ya televisheni, kisha chenyewe huyageuza kuwa picha za kidijitali. Ya pili, NVR, hupokea picha ambazo kamera imekwisha kuzichakata, kupitia waya wa mtandao ambao aghalabu huipelekea kamera umeme pia. Waya huo haufai kuzidi mita 100. Zipo pia kamera zenye kadi ya kumbukumbu ndani yake. Hizi ni nafuu, ila mwizi akiing'oa kamera huondoka na ushahidi wote.

Suala la umeme

Kwa miaka mingi Lodwar ilitegemea mitambo ya dizeli, na huko Kakuma wakazi wengi wamekuwa wakinunua umeme kwa wafanyabiashara wenye jenereta au kutumia sola. Jenereta ikizimwa usiku wa manane, kinasa kisicho na betri huzimika nayo, na hiyo ndiyo saa ya mwizi.

Tuchukue mfano wa kinasa kidogo na kamera nne zinazotumia jumla ya wati 35. Kwa saa 12 za usiku, zitahitaji wati-saa 420. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200, lakini haifai kutumiwa zaidi ya nusu kila mara. Zinabaki 600, zinazotosha takriban saa 17. DVR ndogo na kamera zake aghalabu hutumia volti 12, hivyo huweza kulishwa na betri hiyo kupitia kidhibiti cha volti bila inveta. NVR inayolisha kamera kwa waya wa mtandao huhitaji takriban volti 48. Kwa nyumba inayotegemea sola, basi, DVR huwa na nafuu. NVR huifaa nyumba yenye umeme wa uhakika.

Diski, joto na vumbi

Kamera inayotuma megabiti 2 kwa sekunde hujaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Kamera nne hujaza 86.4, na diski ya terabaiti 1 hujaa kwa siku 11 hivi, kisha kinasa huanza kufuta picha za zamani. Anayesafiri kwenda Eldoret kwa wiki mbili atakuta siku za mwanzo zimefutika. Anahitaji terabaiti 2, na diski iliyoundwa kwa ajili ya kamera za usalama, kwa kuwa huandikwa usiku na mchana.

Joto la mchana Lodwar hufikia nyuzi 35 mara kwa mara, ilhali vinasa vingi havikuundwa kuhimili zaidi ya 55. Kasha lililofungwa chini ya bati huweza kukaribia kiwango hicho. Kinasa kiwekwe chumba cha ndani chenye hewa, mbali na macho ya wageni, na kipanguswe vumbi mara kwa mara.

Nywila na sheria

Mwaka wa 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na vinasa vingi duniani ambavyo nywila zake za kiwandani hazikuwa zimebadilishwa. Nywila ibadilishwe siku ya kwanza. Aidha, Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya 2010 hulinda faragha. Kakuma, ambako nyumba nyingi zimebanana, kamera ielekezwe mlangoni pa mwenyewe, si uani kwa jirani. Saa ya kinasa nayo iwe sahihi, na mwenyewe ajue kwamba kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hudai cheti cha kuthibitisha rekodi ya kielektroniki inayopelekwa mahakamani.

Hitimisho

Imedhihirika kwamba mnunuzi wa Lodwar au Kakuma anafaa kuanza kwa kuhesabu saa za umeme alizo nazo, kisha siku anazotaka picha zihifadhiwe, ndipo aulize bei. Akianza na bei, huenda akanunua kinasa ambacho hakitanasa chochote usiku anaokihitaji.