Akida wa Kapernaumu na Shule ya Kila Siku

Wapo watu wengi miongoni mwetu wanaodhani kwamba mafunzo ya dini hupatikana Jumapili tu, kati ya kengele ya kwanza na sala ya mwisho, na kwamba siku sita zilizosalia ni za kutafuta chakula. Fikira hiyo haikutoka katika Injili. Bwana Yesu, ambaye watu wa kwao walimjua kuwa seremala, alifundisha kwa kutaja taa ya nyumbani, wavu wa samaki, kiraka kipya katika nguo kuukuu, na vibarua waliosimama sokoni wakingoja kuajiriwa. Waliomsikiliza hawakuhitaji kufasiriwa maneno hayo.

Hata hivyo, yafaa tuseme jambo moja mapema. Siku hizi umezuka mtindo wa kugeuza kila kitu kuwa mahubiri. Gurudumu likipasuka njiani, ni funzo. Mvua ikinyesha harusini, ni funzo. Jogoo akichelewa kuwika, nalo ni funzo. Mfano wa namna hiyo hauna gharama. Watu huuitikia “Amina”, kisha kila mmoja huendelea kama alivyokuwa. Mfano wa kweli humrudia mwenye kazi na kumdai kitu. Sisi tunaovaa sare tunao mfano kama huo, uliohifadhiwa na Mathayo na Luka, nao ni wa mwanajeshi mwenzetu, akida wa Kapernaumu.

Kapernaumu ulikuwa mji wa wavuvi kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa la Galilaya, na magofu yake yapo hata leo. Nguzo za sinagogi la mawe meupe wanazoonyeshwa wageni ni za karne kadhaa baada ya akida huyo, lakini chini yake yamo mawe meusi ya jengo la zamani zaidi. Luka anasema kuwa wazee wa Wayahudi walimwombea akida huyo kwa sababu ndiye aliyewajengea sinagogi. Kwa kipimo cha majeshi ya Kirumi, mtu wa cheo chake aliongoza kikosi kilichoitwa cha watu mia, ingawa kwa desturi walikuwa wapatao 80.

Mtumishi wake alikuwa mahututi. Akida akapeleka neno kwamba Yesu asijisumbue kuingia chini ya dari yake. Atamke tu, na mtumishi atapona. Sababu aliyoitoa hakuitoa katika Torati wala katika chuo chochote cha dini. Aliitoa kazini kwake: kwamba yeye yu chini ya mamlaka, na chini yake wako askari, akimtuma huyu, huenda, na akimwita yule, huja.

Natuyatazame maneno hayo kwa utaratibu. Akida hakuanza kwa kujisifu kwamba ana askari. Alianza kwa kukiri kwamba ana wakubwa. Kila aliyepita chuo cha kadeti anaufahamu mpango huo. Mkufunzi hampi kijana kikosi siku ya kwanza. Humpa kitanda cha kutandika, buti za kung'arisha, na koplo wa kumfokea. Miezi hupita kabla kijana huyo hajaruhusiwa kumwambia mtu mwingine ageuke kulia. Amri ya luteni haipati nguvu katika koo lake. Nyuma yake ipo amri ya kapteni, na nyuma ya kapteni ipo ya meja, na hivyo hivyo kwenda juu. Luteni akijitoa katika mnyororo huo, hubaki kijana mwenye sauti kubwa.

Akida alijua hayo kwa miaka mingi ya utumishi. Alipomtazama Mwalimu yule wa Nazareti, aliona kwamba maradhi yanamtii kwa kuwa yeye naye ametumwa na aliye juu. Imani yake ilikuwa ujuzi wa kazi uliofuatwa mpaka mwisho wake. Tunaambiwa kwamba Yesu alistaajabu. Katika Injili zote nne tunaelezwa habari ya kustaajabu kwake kwa matukio mawili tu: hapa, kwa imani ya mgeni, na kule Nazareti, kwa kutoamini kwa watu wa kwao.

Tukiisha kumwelewa akida, twaweza kuisoma mifano mingine kwa macho ya kambini. Chukueni ule wa kondoo 100 na mmoja aliyepotea. Walio wengi husikia humo huruma ya mchungaji. Sajini wa zamu husikia pia hesabu. Jioni akihesabu watu 100 akapata 99, haandiki kwamba kombania imekaribia kutimia. Anaandika kuwa mtu mmoja hayupo, anamtaja jina, na tangu dakika hiyo usingizi wa watu wengi umeharibika.

Ndivyo ilivyo kwa yule mwanamke aliyepotewa na sarafu moja kati ya kumi, akawasha taa na kufagia nyumba. Baada ya mazoezi ya shabaha, risasi zilizotolewa ghalani, zilizopigwa na zilizorudishwa hazina budi kulingana. Ikipungua moja, tumewaona maofisa na makuruta wakipiga magoti nyasini pamoja, jua likizama, wakipapasa kama vipofu. Hakuna anayeuliza risasi moja ina thamani gani. Itatafutwa kwa sababu iliandikwa.

Lakini hapo ndipo mfano unapomrudia sajini, na ofisa wake pia. Ikiwa kwa risasi moja tunapiga magoti, imekuwaje kuruta aliyepoteza hamu ya kula, asiyezungumza na mtu tangu alipopata habari za nyumbani, apite mbele yetu juma zima akihesabiwa kuwa “yupo”? Daftari la zamu halina safu ya mtu aliyepotea akiwa amesimama mstarini. Wala mchungaji wa mfano hakungoja safu hiyo ichorwe.

Jikoni nako kuna shule. Mathayo ameandika mfano wa mwanamke aliyeichukua chachu akaichanganya katika pishi tatu za unga. Msomaji asiyepika huona chachu tu. Mpishi wa kombania, aliyezoea kusonga posho kwa mwiko wenye urefu wa jembe, huuliza kwanza unga ulikuwa kiasi gani. Kwa kipimo cha Kiyahudi pishi hizo tatu zilikaribia lita 40, mikate ya kuwatosha watu zaidi ya 100. Mwanamke huyo hakuwa akiwapikia watoto wake wawili. Alikuwa akiandaa chakula cha umati, na chachu yake ilikuwa donge la kushikwa mkononi.

Na tukitaja jiko, twapaswa kumkumbuka askari mwingine. Nicolas Herman alizaliwa Lorraine, mashariki mwa Ufaransa ya leo, mnamo mwaka 1614. Alipokuwa na umri wa miaka 18 aliutazama mti usio na jani hata moja wakati wa baridi, akawaza kwamba muda si mrefu majani yatarudi, kisha maua, kisha matunda. Wazo hilo halikumtoka maishani. Alipigana katika Vita vya Miaka 30, vilivyoanza 1618 na kwisha 1648, akajeruhiwa, akabaki kilema wa mguu. Mwaka 1640 aliingia katika nyumba ya watawa wa Karmeli mjini Paris, akaitwa Ndugu Lawrence, akapelekwa jikoni.

Wengi humsifu mtu huyu kana kwamba alizaliwa akipenda masufuria. La hasha. Kwa asili yake aliichukia kazi ya jikoni, naye aliifanya kwa miaka mingi, akipika na kuosha vyombo, mpaka kazi na sala zikawa kwake kitu kimoja. Safari moja alitumwa Burgundy kununua mvinyo wa watawa. Kwa ule mguu wake hakuweza kutembea juu ya mashua, akawa akijiviringisha juu ya mapipa ili apite. Mtu aweza kucheka, na pengine watawa wenzake walicheka. Alifariki mwaka 1691, na barua zake chache pamoja na mazungumzo yake yakakusanywa na padri Joseph de Beaufort na kuchapwa. Ni kitabu chembamba cha mpishi aliyekuwa askari, nacho kingali kinasomwa.

Basi, je, kila kazi na kila amri ni funzo la imani? Hapa lazima tusimame, kwani mfano wa utii unao mpaka wake, na sisi wa Uganda tulionyeshwa mpaka huo kwa damu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari waliingia nyumbani kwa Askofu Mkuu Janani Luwum, wakapekua wakitafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Rais Idi Amin barua ya kulalamika. Tarehe 16 ya mwezi huo huo Askofu Mkuu alikamatwa, akauawa, na serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Leo tarehe hiyo ni siku ya mapumziko nchini kwetu, na tangu mwaka 1998 sanamu yake imesimama mbele ya kanisa la Westminster Abbey, London.

Kila askari aliyeshiriki usiku ule wa Februari angeweza kuyatumia maneno ya akida kuwa utetezi wake: aliambiwa nenda, akaenda. Tofauti iko katika kazi ya neno lenyewe. Neno aliloliomba akida lilimwinua mgonjwa kitandani.

Yupo akida mwingine katika Biblia, Yulio, aliyewapeleka wafungwa Roma, Paulo akiwa mmoja wao. Merikebu ilipovunjika karibu na kisiwa cha Malta, askari walishauriana wawaue wafungwa wasije wakaogelea na kutoroka. Yulio naye alikuwa chini ya mamlaka, na mfungwa akitoroka ni yeye ambaye angeulizwa. Aliwazuia. Akaamuru wajuao kuogelea wajitupe kwanza majini, na wengine washike mbao. Wote wakafika pwani salama.

Na kabla ya maakida hao wote, walikuwako askari waliokwenda kwa Yohana Mbatizaji penye mto Yordani, wakamwuliza wao nao wafanye nini. Yohana hakuwaambia watupe silaha. Aliwataka wasimdhulumu mtu kwa nguvu, wasimshitaki mtu kwa uongo, na waridhike na mishahara yao. Wazee wetu waliopita katika vizuizi vya barabarani miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 hawahitaji kuelezwa maana ya makatazo hayo. La kwanza lilikuwa saa ya mkononi, baiskeli, mkungu wa matoke. La pili lilikuwa mtu kuitwa adui wa serikali na kutoonekana tena. Nalo la tatu, la mshahara, ndilo ambalo kwa maoni yetu huyazaa hayo mawili, na ndilo gumu kulihubiri kwa askari ambaye mwisho wa mwezi umemkuta na deni dukani na karo ya watoto haijalipwa. Yohana alilitamka hivyo hivyo, bila kulipunguza, kwa watu waliolipwa kidogo.

Luka hakuandika kama askari wale, waliporudi kambini, walivirudisha vile walivyokuwa wamekwisha kuvichukua. Habari ya kurudisha aliiandika baadaye, alipomfikia Zakayo mtoza ushuru, aliyeahidi mara nne.