Uvimbe wa shingo: swichi iliyokwama ndani ya seli

Balambala iko kando ya Mto Tana, mto uleule unaoshuka hadi kwetu Kipini. Mkulima wa huko huwasha pampu, shamba likishiba maji huizima. Swichi ikikwama, maji hayakomi na mazao huharibika. Kwa mfano huo nieleze saratani ya tezi ya shingo, tezi iliyo chini ya kikoromeo.

Ndani ya seli mna protini ziitwazo kinasi. Hizi hupokea ujumbe na kuupitisha kwa kubandika fosfeti kwenye protini nyingine, ndipo seli ikagawanyika. Ujumbe ukikatika, seli hutulia. Lakini jeni ya kinasi ikiharibika, swichi hubaki imewashwa na seli huzaana ovyo. Saratani ya tezi inayoonekana zaidi ni ya papilari, na karibu nusu ya wagonjwa wake wana hitilafu katika jeni ya BRAF. Aina ya medula huhusishwa na jeni ya RET, na hitilafu hiyo huweza kurithiwa. Mmoja akipatikana nayo, jamaa zake nao wapimwe.

Kuijua swichi kumeleta dawa. Mwaka 2001 Marekani iliidhinisha imatinib, kidonge kinachoizima kinasi ya aina moja ya saratani ya damu. Hapa Kenya wako wanaoishi miaka mingi kwa kidonge hicho. Mwaka 2013 sorafenib iliidhinishwa kwa saratani ya tezi iliyoenea na isiyosikia tena tiba ya ayodini ya mionzi. Hata hivyo, kwa kawaida tiba ya kwanza ni upasuaji, na wakiwahi, wengi hupona.

Kuwahi ndiko kugumu. Kituo cha saratani kiko Garissa mjini, na kwa mfugaji wa Balambala safari hiyo ni nauli na siku za kuacha mifugo. Uvimbe mwingi wa shingo ni rovu tu, si saratani, lakini jicho haliwezi kutofautisha, na kuchanja au kuchoma moto hakuzimi swichi. Ukiona uvimbe mgumu unaokua, sauti inakwaruza au kumeza kunakuwa taabu, nenda ukapigwe picha na kuchukuliwa chembe kwa sindano.

Nao viongozi wa kaunti, kabla ya kutuahidi dawa ghali, naomba wavisogeze vipimo hivyo karibu na wananchi.