Papai na Mwenzake

Mama muuza matunda wa mtaani kwetu ana kawaida ya kupasua papai moja kila asubuhi na kuliegemeza mbele ya mengine, nyama yake ikitazama barabara. Siku ambayo lililopasuliwa ni jekundu, meza huwa tupu kabla ya adhuhuri. Siku ambayo ni la njano, hushinda akijibu swali moja tu: "Na hayo mengine yakoje ndani?" Wateja wake wanaamini wekundu ndio vitamini. Aliponiuliza kama wana haki, maana anajua kazi yangu ni lishe, nilimjibu "ndiyo na hapana", jibu lisilomfaa mtu mwenye mapapai ishirini ya kuuza kabla hayajalainika. Wacha nijaribu tena.

Wekundu wa papai unatokana na laikopini, rangi ile ile iliyomo kwenye nyanya na tikiti. Papai la njano nalo huanza kwa kutengeneza laikopini, ila lina kimeng'enya kinachoigeuza kuwa beta-karotini, na sehemu kubwa ya beta-karotini hiyo ikaendelea kugeuzwa kuwa beta-kriptozanthini. Katika papai jekundu kimeng'enya hicho kina hitilafu ya kurithi, kwa hiyo laikopini nyingi inarundikana. Wekundu tunaougombania sokoni ni kazi iliyoishia njiani. Sasa, mwili wa binadamu hauwezi kutengeneza vitamini A kutokana na laikopini. Unaitengeneza kutokana na hizo rangi nyingine mbili, ambazo zimo katika mapapai ya aina zote mbili. Laikopini ina faida zake, lakini mzazi anayetafuta vitamini A kwa ajili ya macho ya mwanawe hana sababu ya kuliruka papai la njano.

Hayo ni ya kilichomo ndani ya tunda. Kinachoingia ndani ya mtu ni hesabu nyingine, na hapo ndipo majedwali ya lishe yanapotuacha. Wataalamu wengi huhesabu mikrogramu 12 za beta-karotini inayotoka kwenye chakula kuwa sawa na mikrogramu 1 tu ya vitamini A iliyo tayari. Kumi na moja hupotelea njiani: nyingine hazitoki kabisa ndani ya chembe za mmea, nyingine hutoka zikakosa mafuta ya kuzibeba, nyingine hufyonzwa lakini zisigeuzwe. Tena hiyo 12 ni wastani tu. Kuna vyakula vinavyoachia rangi yake kwa urahisi na vingine vinavyoing'ang'ania.

Karoti ni mng'ang'anizi. Beta-karotini yake imeganda ndani ya chembe kama fuwele ndogo ngumu, na mtu akiitafuna mbichi nyingi ya fuwele hizo hupita tumboni salama salimini. Papai na embe ni waungwana zaidi: ndani yao rangi hiyo imehifadhiwa katika vitone vidogo vya mafuta au katika hali ya ugiligili, na tumbo linaichukua bila mapambano. Mwaka 2014 ulichapishwa utafiti ambapo watu 16 walilishwa papai jekundu, karoti mbichi na nyanya mbichi kwa nyakati tofauti, kisha damu yao ikapimwa. Beta-karotini ya papai iliingia kwenye damu kiasi cha mara tatu kuliko ile ya karoti au nyanya, na laikopini yake mara 2.6 kuliko ya nyanya. Kwa hiyo mteja wa papai jekundu naye ana haki yake: laikopini anayoifuata, ataipata kweli.

Kwenye embe mambo yana vurugu zaidi, na ndiko jina la tunda linakokuwa na uzito. Watafiti waliopima aina tano za embe zinazouzwa Marekani kutoka Mexico, Brazil, Ecuador na Peru walikuta vitamini C ikianzia miligramu 11 na kufika 134 kwa gramu 100 za nyama ya embe, na beta-karotini ikitofautiana hadi mara sita. Aina ya embe ilikuwa na uzito zaidi kuliko nchi lilikotoka. Iliyoongoza ni Ataulfo, embe dogo la manjano lisilo na mbwembwe. Tommy Atkins, lenye ganda jekundu la kupendeza machoni, liliachwa nyuma. Wekundu wa ganda la embe ni rangi nyingine kabisa, nayo hukolea upande uliopigwa na jua. Haukuambii chochote kuhusu kilichomo ndani. Ukitaka kulijua embe, liwe dodo, bolibo, sindano au ngowe ya Lamu, tazama nyama yake. Kadiri inavyoelekea rangi ya chungwa ndivyo karotini inavyozidi.

Halafu kuna kuiva. Embe linavyoiva karotini hupanda na vitamini C hushuka. Kwa hiyo watoto wanaokula embe bichi kwa chumvi na pilipili nje ya shule wanapata vitamini C nyingi kuliko mwalimu wao anayengoja liive, na mwalimu anawazidi kwa vitamini A. Sijawahi kuona sababu ya kuwaamua.

Rangi ya ndani ina siri kubwa zaidi kwenye ndizi. Ndizi mbivu ya kawaida ya dukani haifikishi mikrogramu 30 za beta-karotini kwa gramu 100. Ni karibu na bure. Lakini katika kisiwa cha Pohnpei, huko Mikronesia kwenye bahari ya Pasifiki, kuna ndizi iitwayo Karat ambayo nyama yake ni ya rangi ya chungwa na ambayo tangu zamani kina mama waliitumia kuwaanzishia watoto chakula. Ndizi za ukoo wake zimepimwa na baadhi zikapita mikrogramu 8,000. Wenyeji walikuwa wakijua kwamba anayeila Karat mkojo wake hukolea manjano. Inadhaniwa sababu ni vitamini B2 nyingi iliyomo. Mchele wa kununua ulipoingia kisiwani, ndizi hizo zikasahauliwa na upungufu wa vitamini A ukaingia kwa watoto. Huku kwetu, mzuzu, ambao nyama yake huelekea rangi ya chungwa, unazizidi kisukari na ndizi za Bukoba kwa karotini, na ukikaangwa unakuwa umekwisha kupewa mafuta yake. Burundi na mashariki ya Kongo, ambako ndizi ni chakula cha kila siku, wakulima wamepelekewa miche ya aina zenye vitamini A nyingi kutoka sehemu nyingine za dunia.

Nimetaja mafuta. Karotini haiyeyuki katika maji, kwa hiyo bila mafuta kidogo katika mlo haivuki ukuta wa utumbo. Si lazima mtu anywe samli: gramu 3 hadi 5 zinatosha, yaani kijiko kimoja cha chai. Embe lililoliwa baada ya wali wa nazi linakuta tui limeshatandika njia. Embe lililoliwa chini ya mwembe saa nne asubuhi, tumbo tupu, ni tamu vile vile, ila sehemu kubwa ya karotini yake inapita tu. Na wauza juisi wanaomimina parachichi chini na embe juu katika bilauri moja wamefika mahali ambapo maabara imefika: Marekani, watu waliokula karoti mbichi pamoja na parachichi walifyonza beta-karotini mara 6.6 zaidi kuliko walipoila karoti peke yake. (Sukari inayoongezwa humo ni shauri jingine, na sitaki kuwagombanisha watu na juisi yao.)

Lakini parachichi si mwenza wa kila kitu. Tukija kwenye madini ya chuma, ambayo upungufu wake ndio unaowatoa wekundu wa damu kina mama wengi, parachichi halina msaada. Nalijua hili kutokana na utafiti mmoja ninaoupenda sana, wa Afrika Kusini, uliochapishwa 1987. Kina mama 234 wenye asili ya Kihindi walipewa mlo wa wali, na ikapimwa ni kiasi gani cha chuma cha mlo huo kiliingia kwenye damu. Wali peke yake: asilimia 2.5. Wali na parachichi, au tofaa, au zabibu: hakuna nafuu. Wali na ndizi, embe au nanasi: nafuu kidogo hadi ya wastani. Wali na papai au pera: kati ya asilimia 12.6 na 29.3. Chuma ni kile kile, sahani ni ile ile. Kilichobadilika ni tunda lililofuata.

Sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na vitamini C. Pera lina zaidi ya miligramu 200 kwa gramu 100, chungwa lina kama 50. Ila watafiti wale waliona pia kwamba asidi ya sitriki, ule ukali wa ndimu na limau, inasaidia kwa upande wake. Bibi aliyekamulia ndimu kwenye choroko hakuwa anatafuta ladha peke yake, hata kama mwenyewe angekwambia ni ladha. Unga wa ubuyu nao una vitamini C ya kutosha, mradi uwe mkavu au uliokorogwa kwenye maji baridi. Ule uliopikwa kwenye shira na kupakwa rangi umekwisha poteza sehemu yake jikoni.

Kinachoharibu yote hayo ni chai. Ikinywewa na mlo, inaweza kupunguza chuma kinachofyonzwa kutoka kwenye maharage, nafaka na mboga kwa zaidi ya nusu. Mama yangu, ambaye damu yake imekuwa ndogo kwa miaka, ana desturi ya kikombe mara tu sahani ikiondolewa. Nimemwomba ale kwanza kipande cha papai, jekundu au la njano, kisha chai ingoje saa moja. Papai alilikubali siku hiyo hiyo. Kuhusu hiyo saa moja, aliniuliza kama huko chuoni hawakunifundisha kwamba chai hupoa. Nimemnunulia chupa.