Gari Kuukuu la Marehemu: Chuma Chakavu au Amana?



Wasomaji wetu wamezoea kutusoma katika ukurasa huu tukizungumza malezi, ndoa na mirathi. Wiki hii tutazungumza injini. Asiyependa magari asiharakishe kugeuza ukurasa, kwani mwisho wa habari hii tutarudi palepale tulipozoea: kwenye haki ya mjane na mali ya yatima.

Dada yetu anaishi Fedha, mtaa ulioko Embakasi, mashariki mwa jiji la Nairobi, si mbali na uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Mumewe, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa Mombasa aliyehamia bara kwa ajili ya kazi, na alipohama alikwenda na gari lake, Toyota Corolla DX ya mwaka 1982. Gari hilo ndilo lililowapeleka watoto wote watatu madrasa na skuli, na ndilo lililotuleta sote kwenye arusi na matanga. Alipofariki lilibaki limeegeshwa uani mwa jengo wanamokaa, likafunikwa turubai, likakaa hivyo miezi kumi na tisa.

Dada yetu hajamaliza eda yake, fundi mmoja wa karibu akabisha hodi. Alifungua boneti, akatikisa kichwa, akamtumia ujumbe kupitia mtoto kwamba injini imekufa, hedi imepasuka, na kwamba yeye kwa kumhurumia mjane atalichukua kwa shilingi 60,000. Hakujibiwa. Alirudi tena na tena, na kila akirudi bei ilishuka, mpaka ikafika 40,000. Hapo ndipo dada alipotupigia simu.

"Kaka, waonaje? Nimpe aliondoe?"

"Nani aliyelipima hata akajua limekufa?"

Akanyamaza kidogo. "Hakuna aliyelipima. Alifungua tu akatazama."

"Basi usiuze mpaka tufike."

Yafaa kwanza msomaji ajue ni gari la namna gani. Corolla ya umbo hilo ilitoka Japani mwaka 1979. Nyingi zilizotembea katika nchi yetu zilikuwa na injini iitwayo 4K, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 1,290, isiyo na kompyuta wala kihisi cha umeme cha kutatanisha. Nguvu yake huenda magurudumu ya nyuma, na chini ya boneti kuna nafasi ya mtu kuingiza mikono yote miwili. Ni gari la walimu, makarani, wenye maduka na madereva wa teksi.

Sifa ya magari ya Japani katika Kenya haikuletwa na matangazo peke yake. Ilipatikana katika vumbi na tope la mashindano ya Safari. Mwaka 1970 Edgar Herrmann alishinda kwa Datsun. Mwaka 1973 Shekhar Mehta akashinda kwa Datsun 240Z. Na mwaka 1974 Joginder Singh akawatangulia wote kwa Mitsubishi Lancer. Watu walioyaona magari hayo yakipita walisema moyoni: likivumilia haya, litavumilia na yangu.

Tena kuna jambo la sheria. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka minane. Maana yake ni kwamba DX ikikatwakatwa leo, haiji nyingine kutoka melini. Zilizopo ndizo hizohizo. Kwa hiyo wako vijana na wazee, Nairobi na Mombasa, wanaozitunza kwa mapenzi. Huzunguka maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road kutafuta taa moja au mpini mmoja wa mlango, wakafurahi siku nzima kwa kuupata. Na kila mwaka huko Ngong Racecourse hufanyika maonyesho ya Concours d'Elegance, ambapo magari ya zamani husuguliwa mpaka yakang'aa, kisha hukaguliwa na kupewa alama.

Sisi hatukusomea ufundi chuoni. Katika utoto wetu, tukitoka madrasa alasiri, tulikaa katika gereji ya mjomba wetu Mombasa tukimpa spana. Alitufundisha kanuni moja ambayo imetufaa hata katika kusuluhisha wanandoa: usibadilishe kitu kabla hujajua ugonjwa. Fundi anayebadilisha kwanza na kufikiri baadaye, hujifunza kwa pesa za mwenziwe.

Tulifika Fedha siku ya Ijumaa, na Jumamosi baada ya sala ya alfajiri tukaliondoa turubai. Tulikuwa na mpwa wetu wa kiume wa miaka ishirini na mbili, dada yake wa miaka ishirini, na mdogo wao wa miaka kumi na mitatu. Kijana mkubwa alitaka kuwasha papo hapo kwa betri ya kuazima. Tulimkataza. Injini iliyolala miezi kumi na tisa haiamshwi kwa kupigwa teke.

Kwanza tulichomoa kijiti cha kupimia oili. Kama hedi imepasuka au gasketi imeungua, mara nyingi maji huchanganyika na oili, ikageuka rangi ya chai ya maziwa. Oili ile ilikuwa nyeusi na nzito, lakini haikuwa na maji. Tukafungua rejeta: maji yalikuwa machache na mekundu kwa kutu, lakini hayakuwa na utando wa oili juu yake. Dalili mbili za msiba zikawa hazipo.

Pili tulifungua plagi zote nne, tukatia matone machache ya oili safi katika kila silinda, tukaacha kwa saa nzima. Kisha tukaizungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye pulii ya krenki. Ilizunguka bila kukwama. Tukafunga betri ya kuazima, tukaazima na kipimo cha kompresheni kwa jirani. Silinda ya kwanza ilitoa pauni 135, ya pili 130, ya tatu 135, ya nne 130. Binti ndiye aliyeandika namba hizo katika daftari lake, akauliza swali zuri: "Mjomba, hizi ni nzuri au mbaya?" Tukamjibu kwamba Nairobi iko juu sana kuliko Mombasa, hewa yake ni nyepesi, kwa hiyo vipimo hushuka kidogo. Kinachotazamwa zaidi ni kufanana kwake. Kama hedi ingepasuka, silinda moja au mbili jirani zingeanguka mbali na wenzao. Injini iliyotangazwa kufa ilikuwa hai.

Tatu tulitazama petroli na moto. Petroli iliyokaa muda mrefu hupoteza nguvu na kuacha utando wa kunata ndani ya kabureta. Tulimwaga yote iliyokuwamo tangini, tukabadilisha chujio, tukafungua kabureta na kusafisha vijitundu vyake. Upande wa moto, cheche ilikuwa hafifu na ya manjano, na sababu yake ilikuwa ndogo: pointi ndani ya distribyuta zilikuwa zimeota ukungu wa kutu. Tukaweka mpya pamoja na kondensa. Kuzipima nafasi yake tulimwachia binti, milimita 0.45, kwa sababu mkono wake ulikuwa mtulivu kuliko wetu. Cheche ikawa ya buluu.

Nne tulitafuta kwa nini marehemu aliliegesha. Dada alikumbuka kwamba katika wiki zake za mwisho gari lilikuwa likichemsha kwenye foleni za Outer Ring Road. Tuliliangalia rejeta tukakuta mirija yake imezibwa na gamba jeupe. Kwa miaka lilikuwa likijazwa maji ya kisima cha jengo, na maji ya visima vingi vya Nairobi yana madini mengi. Maji hayo huacha ndani ya rejeta gamba lilelile linaloota ndani ya birika la jikoni. Themostati nayo haikuwapo. Fundi fulani wa zamani aliiondoa, kama wengi wafanyavyo, akidhani anasaidia. Kumbe injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake, hula petroli zaidi na huchakaa upesi. Na kifuniko cha rejeta kilikuwa kimelegea springi. Katika mwinuko wa Nairobi maji ya wazi huchemka kwenye digrii 94 hivi. Ni shinikizo la kifuniko kizima ndilo linaloyazuia mpaka yapite digrii 110. Kifuniko kikilegea, gari huchemsha hata kama injini ni nzima.

Tano, na ndilo la kutangulizwa kabla ya safari yoyote, ni breki. Gari lisilowaka halimwui mtu. Lisilosimama ndilo linaloua. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa, na silinda ndogo za magurudumu ya nyuma zilikuwa zimeshikana kwa kutu. Tulizibadilisha zote mbili na kumwaga mafuta yote ya zamani.

Jumatatu adhuhuri kijana alipoizungusha stata, injini ilikohoa mara tatu, ikatoa moshi, kisha ikatulia. Dada yetu alikuwa dirishani ghorofa ya pili. Hakusema kitu. Alifunga pazia, na tukamwacha na lake.

Hesabu ya matengenezo ilikuwa hivi: kusafisha rejeta 4,500, pointi, kondensa na plagi 3,200, betri 8,500, oili na chujio 3,600, silinda na mafuta ya breki 6,200, mipira ya maji, kifuniko na themostati 2,800. Jumla 28,800, zilizotolewa na dada kwa makubaliano kwamba zitarudishwa kutoka katika mali ya marehemu.

Sasa tufike kwenye mirathi. Watu wengi hudhani gari la mume likibaki nyumbani ni la mke, au ni la mtoto mkubwa anayejua kuliendesha. Sivyo. Mtu akifa, baada ya gharama za maziko, madeni na wasia halali, kila alichoacha ni mali ya warithi wote, kila mmoja kwa fungu lake. Hapa wazazi wa marehemu walikwisha kutangulia, kwa hiyo warithi ni mke na watoto watatu. Mke, kwa kuwa kuna watoto, ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki hugawanywa kwa watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja.

Tuliwaita watu wawili wajuao magari na wasio na tamaa ya kulinunua. Walikubaliana juu ya shilingi 160,000. Tukitoa zile 28,800 zinabaki 131,200. Mjane ana 16,400. Kila mwana wa kiume ana 45,920, na binti 22,960. Linganisheni na ile 40,000 ya chuma chakavu: yule mtoto wa miaka kumi na mitatu angepata 14,000 tu. Yaani uvivu wetu wa kupima ungempokonya yatima karibu shilingi 32,000, na tungesema tumemhurumia mamake.

Dada yetu alitaka kulibakisha gari. Wakubwa wawili walisema, kwa hiari yao, kwamba wanamwachia mama mafungu yao, na hilo ni haki yao kwa kuwa wamebaleghe na wana akili zao. Mdogo naye alisema hivyohivyo kwa machozi. Tulimkumbatia, lakini tulikataa. Mali ya yatima haitolewi zawadi, si na yeye, si na mamake, si na mjomba wake. Fungu lake lote linawekwa katika akaunti yake mpaka afikie umri wa kuisimamia. Na kwa kuwa mama ndiye mlezi na ndiye mnunuzi, tulishauri bei hiyo ipelekwe mbele ya Kadhi ithibitishwe, ili kesho asije mtu akasema neno. Hati ya mirathi nayo ni lazima, kwani gari haliwezi kuhamishwa kihalali kutoka jina la marehemu bila ya hiyo.

Kuna atakayeuliza: je, kulitunza gari la zamani si israfu? Jibu letu ni kwamba hutegemea. Ukinyima watoto karo ili upake gari rangi, hiyo ni israfu iliyo wazi. Na sisi wa pwani tunajua chumvi ya bahari ilivyo. Kutu ikishakula chesesi, kuliacha ndiyo hekima, kwani hilo ni hatari barabarani. Lakini kitu kizima, chenye manufaa, kilichosimama kwa kukosa mtu wa kukitazama kwa saa mbili, kukitupa ndiyo israfu.

Kwa akina mama tunaongeza haya. Msiuze chombo cha marehemu ndani ya eda kwa sababu ya msukumo wa mtu. Fundi akisema kitu kimekufa, mwambieni awaonyeshe kwa kipimo. Kila kipuri kinachobadilishwa, daini cha zamani mkipewe mkononi pamoja na risiti. Pata rai ya fundi wa pili asiyemjua wa kwanza. Na wafundisheni mabinti zenu kupima oili na maji. Elimu hiyo haipunguzi heshima ya mwanamke, hupunguza idadi ya wanaomdanganya.

Yule fundi wa mtaani alipita Jumanne akalikuta gari linanguruma uani. Alisema, "Alhamdulillahi, shehe, mmefanya kazi." Tukamwitikia salamu yake, na binti akafunga boneti.

Wabillahi tawfiq.