Chanda chema huvikwa pete. Na walimu wa mainjinia je?

WAHENGA walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Lakini hapa kwetu pwani viko vyanda vingi vyema vilivyofanya kazi miaka nenda miaka rudi, vikaingia grisi na kuchubuka kwa vyuma, na hadi leo havijaonja pete. Navyo ni vyanda vya walimu wa uinjinia, pamoja na wale wanaokwenda vyuoni kukagua iwapo mafunzo yanayotolewa humo ni mafunzo kweli.

Apitaye Tudor, mjini Mombasa, hakosi kuliona jengo lenye kuba na matao ambalo mgeni hudhani ni msikiti. Kumbe ni chuo. Mwaka 1948 Aga Khan wa tatu, Sultan Muhammad Shah, alitoa pauni 100,000 ili Waislamu wa Afrika Mashariki wapate mahali pa kujifunza ufundi. Sultani wa Unguja, Seyyid Khalifa bin Haroub, naye akatia mkono, hali kadhalika jamaa wa Kibohora na serikali ya kikoloni. Wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Ndiyo ile taasisi ya elimu ya Kiislamu iliyojulikana kwa herufi zake za Kiingereza, MIOME.

Baadaye milango ilifunguliwa kwa watu wa dini zote. Mwaka 1966 chuo kikapewa jina jipya la taasisi ya ufundi, na mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikapanda kuwa chuo kikuu kishiriki, na mwaka 2013 kikatunukiwa hati ya kuwa chuo kikuu kamili. Jina limebadilika mara nne. Waliotoa fedha wametajwa katika historia, nao wanastahili. Lakini kuba haifundishi mtu kukereza chuma. Aliyefundisha ni yule mwalimu aliyefungua karakana asubuhi, akasimama nyuma ya kijana mwenye mikono inayotetemeka, akamwambia: “Pima tena.”

IJAZA YA MAFUNDI

Hapo kale fundi wa majahazi alijifunza kwa kukaa na bwana wake. Alianza kwa kuokota vipande vya mbao, akapewa keekee, kisha tezo, akafundishwa kutia kalafati. Hakuwa na cheti. Mtihani wake ulikuwa bahari: chombo kikivuja, mji mzima ulijua ni kazi ya nani.

Mambo ya leo si hayo. Anayepanda ghorofa ya sita hamjui injinia aliyepima nguzo zake, wala anayevuka daraja hamjui aliyelichora. Hawezi kusubiri lianguke ndipo amjue fundi mbovu. Kwa hiyo lazima pawe na mtu wa kusema kwa niaba yetu: huyu amesoma, na mahali aliposoma panaaminika.

Hilo kwetu Waislamu si geni. Mtu hakai akafundisha fiqhi bila kujulikana amesoma kwa nani, na sheikh wake naye alisoma kwa nani. Hupewa ijaza, na ijaza ina silsila yake. Ithibati ya kozi za uinjinia ni mfano wa jambo hilo hilo. Nchini Kenya kazi ya kuandikisha wahandisi ilianza kwa sheria ya mwaka 1969, na sheria ya mwaka 2011 ikaunda Bodi ya Wahandisi wa Kenya. Wakaguzi hutazama mtaala, huuliza walimu ni akina nani na wamesajiliwa wapi, kisha huingia maabara kuona kama mashine zinafanya kazi au zimewekwa kwa mapambo.

MACHUNGU YA MZAZI

Nani anaijua thamani ya kazi hiyo? Muulize mzazi aliyeuza minazi yake ili mwanawe awe injinia. Katika miaka ya 2010 wahitimu wa vyuo kadhaa nchini walijikuta na shahada mkononi ambazo bodi haikuzitambua. Kijana amesoma miaka mitano, amevaa joho, ndugu wamepiga vigelegele. Akienda kujiandikisha anaambiwa kozi yake haimo. Wengine walikwenda mahakamani. Chuo na bodi wakivutana, anayeumia ni kijana, kama nyasi chini ya ndovu wawili.

Basi mkaguzi anayekataa kutia sahihi mahali pasipostahili si adui wa watoto wetu, maadamu anasema mapema, kabla ada haijalipwa. Na mwalimu anayekubali kukaguliwa, akarekebisha kasoro na kubaki chuoni ilhali makampuni yanamwita kwa mshahara mnono, huyo amechunga amana. Kazi zao hazina shangwe. Daraja likisimama hakuna anayewakumbuka. Likianguka, kila mtu huuliza walikuwa wapi.

TUWATUNZE WANGALI HAI

Sisi tuna ada moja mbaya. Mtu hatumsifu hadi tumemlaza kaburini, ndipo tunasimama matangani kuhadithia wema wake. Mwalimu akistaafu hupewa saa ya ukutani na soda, basi, kwaheri. Nishani za taifa hutolewa kila mwaka. Mwalimu wa karakana ni nadra kutajwa.

Si lazima tungoje serikali. Majina ya waliofundisha miaka ishirini na zaidi yaandikwe kwenye kuta za karakana zao, na zawadi ya mwanafunzi bora iitwe kwa jina la mmoja wao. Wale wazee wa MIOME waliobaki waendewe majumbani, wasikilizwe, na maneno yao yaandikwe kabla hayajazikwa nao. Na wanafunzi wao wa zamani, ambao leo ni mainjinia wa bandarini na kwingineko, warudi siku moja moja kuwaamkia.

Elimu yenye manufaa ni sadaka isiyokatika. Malipo yake makubwa yako kwa Mola. Lakini pete ya hapa duniani ni deni letu sisi, na vyanda vya kuvishwa vinazeeka.