Gego Lenye Ufa: Leo Linauma, Kesho Kimya

Februari 1872, wasafiri David Livingstone na Henry Morton Stanley waliwasili Kwihara, kilomita chache kutoka Tabora, wakitokea Ujiji. Tembe walilofikia leo ni makumbusho. Homa za Livingstone zinafahamika sana. Kinywa chake hakitajwi sana. Stanley, katika kitabu alichokichapisha mwaka huohuo, alieleza kwamba meno ya mzee huyo yalikuwa yamechakaa, akakilaumu chakula kigumu cha Lunda na Manyema. Mzee mwenyewe alikuwa na miaka 58 tu.

Chakula kigumu bado ni mshitakiwa wa kwanza gego linapopata ufa. Tabora watu hutafuna mahindi ya kuchoma, karanga na michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyoanikwa vikakauka kau. Asiyesubiri michembe ichemshwe huyapa magego yake kazi ya kinu. Lakini hatari zaidi ni kijiwe ndani ya wali usiochambuliwa vizuri, kwa kuwa taya hubana bila tahadhari likitarajia kitu laini. Na yupo anayefungua soda kwa meno ilhali kifungulio kiko mezani. Huyo hana wa kumlaumu.

Sababu nyingine hazina kelele. Wapo wanaosaga meno usingizini, na wapo wenye gego lililozibwa tundu kubwa hadi kuta zilizobaki zikawa nyembamba. Umri nao huchangia: ufa huwapata zaidi waliovuka miaka 40.

Kupasuka si kwa meno ya binadamu tu. Njia ya misafara iliyopita Tabora ilinawiri kwa meno. Pembe za ndovu, ambazo wapagazi wa Kinyamwezi walizibeba mabegani hadi Bagamoyo, ni meno ya mbele ya juu ya mnyama huyo. Sehemu yake kubwa ni dentini, tabaka lilelile lililo chini ya enameli ya binadamu, na hata pembe nene ikikaushwa haraka hupasuka. Mfupa uliovunjika huunga, jino haliungi.

Dalili za gego lenye ufa ndizo zinazowazungusha watu. Maumivu huchoma ghafla, mara nyingi si wakati wa kuuma bali wakati wa kuachia. Dentini ina vijia vidogo mno vyenye majimaji. Meno yakibana na kuachia, kingo za ufa huchezacheza, majimaji husukumwa, na mshipa wa fahamu hushtuka. Maji baridi nayo huchoma. Kisha siku kadhaa hupita bila chochote, na mgonjwa anaahirisha safari ya hospitali. Akiulizwa ni jino lipi, anaonyesha upande mzima wa shavu.

Eksirei nayo huweza kutoka safi, maana ufa mwembamba mara nyingi hauonekani kwenye picha. Kwa hiyo daktari humwambia mgonjwa aume kifaa kidogo, ncha moja ya gego baada ya nyingine, au hulimulika jino kwa taa kali, au hulipaka rangi inayopenya kwenye mstari wa ufa. Hali hii ilipewa jina la kitaalamu mwaka 1964 na daktari wa meno aitwaye Cameron.

Ufa ulioishia juu huzibwa, au jino huvikwa taji. Ukifika kwenye kiini, mzizi hutibiwa kwanza. Ukilipasua gego hadi mzizini, fizi ikaanza kuvimba na kutoa usaha, kwa kawaida hubaki kung'oa.